Kiti cha Katikati

Mume wangu alinunua boti bila kuniambia. Mtu aliyekuwa akiniuliza kila alipotaka kupaka rangi rafu za duka, mtu asiyenunua hata ndoo ya nyumbani bila kuigongagonga na kunitazama usoni, alitoka asubuhi moja akaenda kwenye hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa inafunga milango, akarudi anatembea nyuma ya mkokoteni. Juu ya mkokoteni palikuwa na boti ndogo ya faiba, nyeupe, imechakaa, ubavuni imeandikwa KASA kwa rangi ya bluu. Majirani walitoka nje kutazama. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Nilimtazama yeye, nikaitazama boti, nikarudi kwenye mchele wangu.

"Ni ya kutembelea tu," akasema. "Mimi na wewe."

Mimi ni Kokila, mume wangu ni Umesh, na kama umewahi kujenga hata banda la kuku hapa Bagamoyo, au Makurunge, au Fukayosi, huenda misumari ulinunua kwetu. Duka alilianzisha baba mkwe wangu, marehemu Ramniklal, na sisi tukalirithi pamoja na sheria yake moja: kaunta haiachwi bila mwenyewe. Akienda mmoja, anabaki mmoja. Harusi ya mpwa wa Umesh Nairobi alikwenda yeye, ya mdogo wangu Moshi nilikwenda mimi. Hata chakula tulikula kwa zamu. Ukifungua albamu zetu utadhani kila mmoja wetu alifiwa na mwenzake mapema.

Mwaka huu tumeliuza. Moyo wa mume wangu umechoka, ndivyo daktari alivyosema, na binti yetu Jigna ametutafutia nyumba Upanga, Dar es Salaam, jirani na kwake na si mbali na hospitali. Lori la kuhamisha vyombo tuliliagiza lije mara tu baada ya Naliyeri Punam. Hiyo ni siku ya mwezi mpevu wa Agosti, ambapo watu wa asili yetu, ambao wazee wao walivuka maji kutoka Kachi, India, huipa bahari nazi. Kila mwaka baba mkwe aliitupa kutoka mchangani, peke yake, kisha akarudi haraka kaunta. Mume wangu alitaka safari hii tuitoe tukiwa juu ya maji yenyewe, wote wawili, tuuone mji kama babu yake alivyouona siku anaingia. Ndiyo maana ya ile boti.

Kwa hiyo aliposema "mimi na wewe," mkono wangu ulisimama ndani ya mchele. Sikumwonyesha. Ukimwonyesha mume wangu kwamba umefurahi, anaongeza mambo.

Badala yake nikampa sharti. Bahari mimi naiogopa. Nimeishi nayo mtaa wa pili maisha yangu yote ya ndoa, nikaipanda mara moja tu, nikiwa bibi harusi, kwenda Unguja kumwamkia shangazi yake, nikatapika mpaka bandarini. Na hata siku hiyo alinipeleka mama mkwe. Yeye bwana harusi alibaki dukani. Basi nikamwambia kwamba kwenye boti inayoingiza maji mimi sikanyagi, iwe siku ya nazi au siku ya nini. Akasema hiyo haina shida, boti ni nzima kabisa, ina kiti changu maalumu hapo katikati, hata mto wa kukalia atanishonea.

Siku ya kwanza kuishusha, vijana wa pale sokoni kwa samaki waliisukuma, mume wangu akapanda peke yake akakaa kwenye maji ya magotini, anatabasamu kama mtoto ndani ya beseni. Kabla tabasamu halijaisha viatu vyake vililowa.

Nikamwambia kutoka mchangani kwamba inavuja. Akasema ni mawimbi yamerukia. Siku hiyo hapakuwa na wimbi la kuweza kurukia hata sahani.

Tukamwita Mikdad. Mikdad ni fundi wa boti, mtu wa makamo, mwembamba, msemaji kuliko redio. Alianzia kwenye mbao kwa baba yake, akajifunza faiba kwenye mahoteli. Aliizunguka boti yetu pale uani, akaigonga kwa vifundo vya vidole, akatueleza tatizo lake. Boti hii ina tumbo lake la chini, na juu ya tumbo pana sakafu ya mbao iliyotandikwa kapeti. Maji yakishaingia yanatembea kati ya sakafu na tumbo, yanakuja kuonekana mbali na yalikoingilia. Ukiziba pale unapoyaona, umeziba bure. Njia ya kawaida, akasema, ni kuigeuza kazi: unaiweka boti nchi kavu, unaijaza maji ndani, halafu unalala chini kutazama yanadondokea wapi.

Tukafanya hivyo. Jirani yetu Bi Dija alitupa mpira wake wa kumwagilia maua. Mume wangu mwenyewe alisimamia upangaji wa matairi ya kuilazia, moja mbele, moja nyuma, na moja kubwa la trekta katikati kabisa, akasema uti wa boti usije ukakatika. Niliona ni uangalifu wake wa siku zote. Maji yakajaa, Mikdad akalala chali, na baada ya muda tone likatoka nyuma, karibu na pale inapofungwa injini. Wote tukafurahi. Akapiga msasa, akabandika kitambaa cha faiba, akapaka gundi yake inayonuka mpaka kichwani, tukasubiri ikauke. Ilipokauka tukaishusha baharini. Ikaingiza maji.

Akatafuta tena, akaona mpasuko mwembamba mbele, akauziba. Ikaingiza maji.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Kila Mikdad alipokikaribia kile kiti changu cha katikati, mume wangu alimwita kwingine. Kiti kile ni sanduku lililojengewa ndani ya boti, lina mfuniko juu yake. Mikdad alisema masanduku ya namna hiyo ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Mume wangu akasema hapana, humo mna sponji ya kuifanya boti isizame, watu wa hoteli wamemwambia isiguswe. Mikdad akasema haigusi, ataichungulia tu. Mume wangu akamwomba aje aangalie ubavu wa kushoto, hapo ameona kitu. Hapakuwa na kitu.

Mimi nimesimama kaunta moja na mtu huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Najua anavyokuna sikio mteja akiuliza bei ya kitu ambacho hakimo dukani na yeye hataki kumkosa. Alikuwa anakuna sikio. Nikayaunganisha mambo: boti inavuja, siku ya nazi inakaribia, na yeye hataki ipone. Amejuta. Alisema "mimi na wewe" siku ile kwa furaha ya kuuza duka, sasa furaha imepoa, na mlango wa kutokea ameupata, kwa sababu nilimpa mimi mwenyewe: inavuja, Kokila hapandi, basi.

Niliumia, sitaficha. Nilidhani nimeshapita umri wa kuumizwa na mambo kama hayo. Nikampikia dengu bila chumvi, akala mpaka ikaisha, akashukuru. Hiyo ikanikasirisha zaidi. Nikamwambia kama hataki kwenda aseme, tuokoe fedha za Mikdad. Akaniuliza nani amesema hataki. Kisha akaenda kunyoa ndevu alizokuwa ameshazinyoa asubuhi.

Siku aliyokwenda kliniki Dar, Jigna alimfuata kwa gari. Gari lilipokunja kona tu, nikampigia simu Mikdad.

Nilikuwa na wazo langu. Stoo ya jikoni, debe la mafuta likivuja huwezi kuona tundu lilipo, kwa sababu mafuta yanatambaa debe zima. Mimi huwa nalifuta likauka, nalinyunyizia unga wa dengu, naliacha. Unga unalowa kwanza pale penye tundu, na mstari wake unakuonyesha. Nikamwambia Mikdad tukaushe boti, tung'oe kapeti na mbao za sakafu, tunyunyize unga tumbo zima, halafu tuisogeze kwenye maji ya kina kifupi ikiwa tupu, bila mtu wa kutikisa.

"Mama, unataka kuikaanga?" akasema.

Nikamwambia kama ana wazo bora alitoe. Hakuwa nalo. Tukaifuta kwa matambara, jua likamalizia, nikapita na chekecheo langu la jikoni nikinyunyiza kilo nzima ya unga, na watu wa sokoni wakaacha samaki zao kutazama mwanamke wa Kihindi anaipaka boti unga. Waache. Maji yalipokuwa yanajaa tukaisukuma kidogo, ikaelea, tukainama wawili mmoja kila upande.

Nyuma, unga ukabaki mkavu. Mbele, mkavu. Katikati, chini ya kiti changu, ukaanza kugeuka rangi, ukawa wa njano iliyoiva, mstari mwembamba ukatoka chini ya sanduku, halafu wa pili, ikaungana, ikaanza safari kuelekea nyuma.

Nikamwambia afungue sanduku. Akasema mzee amekataza.

"Mzee yuko Dar," nikasema. "Fungua."

Tukairudisha mchangani. Skrubu za mfuniko hazikuwa za hoteli. Zilikuwa za shaba, mpya, na mimi nilizijua, ni za boksi la mwisho tuliloondoka nalo dukani. Ndani palikuwa na sponji kweli, lakini imekatwa kwa kisu katikati, shimo la mraba, safi. Mikdad akaingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa, akanitazama. Akasema chini kuna chuma.

Kilikuwa kiatu cha farasi, kile chuma cha kwatoni, cheusi, kimekazwa kwa skrubu kwenye tumbo la boti. Kukizunguka palimiminwa gundi nyeupe ya vioo, nyingi mno, tayari imeanza kubanduka. Mikdad akapapasa upande wa nje, chini kabisa, akakwaruza kwa kucha. Ncha za skrubu zilikuwa zimetokeza, zimefunikwa kwa pati na rangi nyeupe. Lile tairi la trekta lilikuwa linakaa hapohapo.

Nilikijua chuma kile. Mama mkwe alikipigilia kwenye kizingiti cha duka kabla mimi sijaolewa, na tulikiruka kila siku ya maisha yetu. Alinifundisha mwenyewe: kinalinda, lakini lazima kipigiliwe, na lazima kiwe chini ya mtu, pale anapopita au anapokaa. Ukikibandika kwa gundi, ukikitia mfukoni, ni chuma tu kama chuma kingine. Duka lilipouzwa nilidhani kimebaki na mnunuzi, nikasikitika kimyakimya, sikusema, kwa sababu mume wangu angecheka. Alikuwa anamcheka mama yake. Mimi nilipotundika ndimu na pilipili mlangoni kila Jumamosi, alisema pilipili hizo zingenoga zaidi kwenye kachori. Wateja waliniuliza zina kazi gani, akawajibu yeye: kazi yake ni kumfurahisha mke wangu.

Na mtu huyuhuyu, ambaye maisha yake yote amewaambia wavuvi wasitoboe chombo chini ya mstari wa maji hata kwa dawa, alikuwa ameingia uani na bisibisi nisipokuwepo, akatoboa chombo chake chini kabisa ya mstari wa maji, mahali pa kukaa mimi.

Mikdad alianza kucheka. Aliponiona akaacha. Nilikuwa nimekaa mchangani na chekecheo mapajani, nacheka mpaka machozi, halafu si ya kucheka tena, nalia hasa. Nikamwomba neno hili lisifike sokoni. Aliahidi, na ninaamini alijitahidi.

Mume wangu alirudi kabla ya magharibi. Nilikuwa nimeandaa chai, na katikati ya meza, kati ya kikombe chake na changu, nimekiweka kile chuma. Alivua viatu, akaingia, akakiona, akakaa. Sikio hakulikuna.

Nikamuuliza kama alijua kwamba skrubu zilipita.

"Nilidhani hazitafika," akasema. "Zilipofika nilijua. Nikajaza gundi. Gundi haikukamata, nikashindwa kusema."

Nikamwambia nilidhani hataki kwenda na mimi. Akainua kichwa haraka. Naamini hilo halikuwahi kumpitia akilini hata kidogo, na nilipouona uso wake nikaona aibu kwa ile dengu.

"Hivi vitu wewe huviamini," nikamwambia. "Umenicheka mpaka wateja wakakariri."

"Kwangu siviamini," akasema. "Lakini pale unakaa wewe, na kwako mimi naogopa kubahatisha."

Yeye alikuwa anakigeuzageuza kile chuma kwa kidole.

"Ulipolazwa kwa homa ya dengi," akasema, "Jigna alinipigia, akasema mama hatambui mtu. Nilikuwa napima misumari. Nikamaliza kwanza kumpimia yule mteja, nikampa chenji, ndipo nikafunga duka. Sijawahi kukwambia."

Hakuwahi kuniambia. Mimi nilichokumbuka katika ugonjwa ule ni kwamba nilifumbua macho nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika mguu wangu juu ya shuka. Mteja wa misumari nilikuwa simjui mpaka jioni ile. Nikasimama, nikammiminia chai nyingine ingawa ya kwanza hakuigusa, nikaupitisha mkono wangu kichwani kwake, kwenye zile nywele chache, kitu ambacho hatufanyi sana.

Kesho yake Mikdad alitueleza kazi ilivyo. Matundu anaweza kuyaziba, ndani na nje, yawe kama hayakuwahi kuwepo. Ila chuma hakirudi. Ukikikaza tena kwa skrubu, boti itaingiza maji tena, ni hivyo tu. Mume wangu akauliza kama hakuna skrubu fupi zaidi. Mikdad akasema tumbo lenyewe ni jembamba kuliko skrubu yoyote anayoijua. Mume wangu, muuza skrubu, aliinamisha kichwa, akakubali.

Mikdad alipoondoka, mume wangu akaniambia basi tuiuze boti. Nazi tutaitupa kutoka mchangani kama baba alivyokuwa akifanya, hakuna ubaya, na tutakwenda pamoja mpaka ufukweni, hiyo nayo ni safari. Alisema kwa upole, kama mtu anayekushushia bei. Nikajua ameogopa kweli, na kwamba nikinyamaza tutahamia Upanga hivihivi, tukakae mbele ya televisheni ya Jigna, na safari yetu ya pamoja itakuwa ni ile ya ndani ya lori.

Sasa fikiria. Kati yetu mwenye imani na chuma kile ni mimi. Ndimi niliyekiruka kwa heshima kila asubuhi, ndimi niliyekisikitikia. Na anayeogopa bahari ni mimi. Ilikuwa haki yangu kusema tuiuze, na nilikuwa natamani kusema hivyo.

"Akienda mmoja anabaki mmoja ilikuwa sheria ya duka," nikamwambia. "Duka limeuzwa. Chuma kitabaki hapa mezani, na mimi nitakaa pale pale katikati. Utakuja au nimwombe Mikdad anipeleke?"

Alinitazama kama ananiona nimesimama kwenye kaunta ya watu wengine. Kisha akaenda kutafuta msasa.

Matundu yalizibwa. Mume wangu alikaa pembeni ya Mikdad kazi nzima, akimpa kila kifaa kabla hakijaombwa, mpaka Mikdad akaniomba nimwite ndani anywe maji. Lakini Agosti hii ilikuwa na manyunyu yasiyo na kawaida, na gundi ile haipendi unyevu. Asubuhi ya siku ya nazi, mume wangu alipokwenda sokoni kuchagua nazi, Mikdad alinivuta kando. Akaniambia kiraka kimoja, cha upande wa kushoto, bado ni lainilaini. Kwa siku mbili tatu zaidi angeweza kuapa kwamba hakipitishi. Leo hawezi kuapa. Kikipitisha kitapitisha kidogo, haizamishi mtu, na yeye atakuwa karibu na ngalawa yake muda wote. Lakini ameona aniambie mimi, kwa sababu akimwambia mzee, mzee hatashusha boti.

Lori lilikuwa linakuja siku inayofuata. Nikamwambia amefanya vizuri kuniambia mimi, na sasa anyamaze.

Maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa alasiri mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na upepo uliokuwa unavuma wiki nzima ulikuwa umepungua. Nilivaa sari yangu ya pamba ya bluu, juu yake jaketi okozi la rangi ya machungwa, nikawa kituko. Bi Dija alinipiga picha. Mume wangu akanishika mkono, nikapanda, nikakaa kwenye kiti changu. Mto alikuwa ameushona kweli, na mshono umepinda. Yeye akakaa nyuma kwenye injini, ananitazama usoni, Mikdad kwa mbali kidogo kwenye ngalawa yake. Tukaondoka.

Sikutapika. Ufukwe ulisogea nyuma taratibu, na mimi nilikuwa nimeshikilia kingo za kiti kwa mikono yote miwili. Kisha nikaachia mmoja. Mume wangu alianza kuongea. Nimeolewa na mtu huyu miaka na miaka, sikujua kama anaweza kuongea namna ile. Akanionyesha paa la duka letu, ambalo mwenyewe mpya amelipaka rangi nyekundu, akasema rangi hiyo haitadumu misimu miwili. Akanionyesha mnara wa kanisa la misheni kati ya miti, na moshi wa wakaanga samaki, na dirisha letu, dirisha la jikoni kwangu, ambalo mimi nililitazamia nje kila siku na sikuwahi kulitazama kutoka nje. Akasema babu yake aliuona mji huu akiwa na homa, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba una minazi kama kwao, kwa hiyo watu wake hawawezi kuwa wabaya.

Kila baada ya maneno machache aliinama kutazama sakafu. Kapeti na mbao tulikuwa hatujazirudisha, tumbo lilionekana wazi, kavu. Anainama, anaona kavu, anaendelea na hadithi.

Nilisikia baridi kisiginoni kwanza. Nikatazama bila kuinamisha kichwa. Maji yalikuwa yanatoka chini ya kiti changu, upande wa kushoto, mstari mwembamba, kiasi cha kijiko, yanatafuta njia ya kwenda nyuma alikokaa yeye. Nikausogeza mguu nikaukanyaga ule mstari. Nikalishusha pindo la sari, likafunika mguu, likaanza kunywa maji polepole. Mikdad aliniona kutoka kwenye ngalawa yake. Akainua nyusi. Nikamtikisia kichwa, akatazama pembeni.

Woga ulikuwepo, nisiseme uongo. Lakini mume wangu alikuwa amezima injini, ameshika nazi kwa mikono miwili, ananiita nimsaidie, na uso wake ulikuwa uso ambao nimewahi kuuona mara moja tu, siku Jigna alipozaliwa. Nikanyoosha mikono bila kuinua mguu. Tukaishika nazi wote, mikono yake juu ya yangu, akasema yale maneno ya baba yake, tukaiachia. Ilizama kidogo, ikaibuka, ikaanza kwenda zake.

Akainama tena kutazama sakafu.

"Pakavu?" akauliza.

"Pakavu," nikasema.

Akashusha pumzi. Akaniuliza kama nimechoka, kama turudi, kwa sababu safari ya kwanza isiwe ndefu. Pindo la sari lilikuwa limelowa mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Bado," nikamwambia. "Nipeleke mbele kidogo."